Nilienda Munich kwa sherehe ya bia, nikarudi Siongiroi nikafuta video yangu kubwa kuliko zote

Kabla mnijazie komenti: ndiyo, nilikunywa. Glasi moja na nusu. Na hapana, sikulipiwa na "mfadhili", vile mmoja wenu aliandika kwa herufi kubwa kama polisi. Tiketi ya ndege niliilipa kwa pesa za video na za kupiga picha harusi, miezi kumi na minne ya kuweka kidogo kidogo. Kulala nililala kwa sista, mtoto wa shangazi, ambaye anasomea kazi ya kutunza wazee huko Augsburg, chini ya saa moja kwa treni kutoka Munich. Yeye kitandani, mimi sakafuni. Hiyo ndiyo hoteli yangu ya Ulaya.

Naandika haya kwa sababu wiki mbili baada ya kurudi nilipata ujumbe. Kampuni moja ya vinywaji, sitaitaja, iliona zile klipu zangu ikataka "tulete Munich Bomet". Hema kubwa, muziki, wasichana wamevaa aproni, glasi za lita moja, na mimi niwe sura ya tangazo. Pesa waliyotaja ni nyingi kuliko karo ya mwaka mzima ya ile kozi niliyoacha nikiwa mwaka wa pili. Mama yangu bado hajanisamehe hiyo kozi, kwa hivyo mnaweza kuelewa nilivyokaa na simu mkononi usiku huo.

Nimeshawajibu. Lakini jibu langu litaonekana la wazimu kama sijawaambia nilichoona, kwa hivyo kaeni chini.

Kwanza, kwa wale hawajui kwetu. Siongiroi iko Chepalungu, kaunti ya Bomet. Mkisikia Bomet mnaona chai, na ni kweli, panda upande wa Konoin ama uvuke uende Kericho utaona kijani mpaka macho yachoke. Lakini sisi wa huku chini ni watu wa maziwa na mahindi. Asubuhi bodaboda zinapita na mitungi ya maziwa. Na asubuhi hiyo hiyo, kama unajua mlango wa kubisha, unaweza kupata kitu kingine cha kuweka kwa chupa ya soda. Sheria ya mwaka 2010, ile tunaita ya Mututho, inasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kwa ule mlango wa nyuma hiyo sheria haijawahi kufika.

Sasa Munich.

Wenyeji hawasemi sana Oktoberfest. Wanasema Wiesn, kwa sababu uwanja wenyewe unaitwa Theresienwiese, yaani malisho ya Therese. Huyo Therese aliolewa na mwanamfalme Ludwig wa Bavaria tarehe 12 Oktoba 1810, na siku chache baadaye wakaandaa mbio za farasi hapo malishoni kusherehekea. Watu wakapenda, mwaka uliofuata wakarudia, na mpaka leo hawajaacha. Kwa hivyo asili yake ni harusi na mbio. Mkalenjin yeyote akisikia harusi na mbio anajua hapo ni nyumbani. Jina ni la Oktoba lakini siku hizi inaanza Septemba, sababu ikifika katikati ya Oktoba huko baridi inauma. Mwaka wa 2025 ilianza tarehe 20 Septemba. Meya wa jiji anagonga bomba kwenye pipa la kwanza saa sita kamili mchana, na kabla ya hapo hakuna hema linalomimina hata tone. Watu wanaingia asubuhi mapema wanakaa masaa wakingoja. Watu wazima, na kiu, wanangoja meya. Hiyo peke yake ilinishangaza.

Sista aliniambia tusiende wikendi kwa sababu hatukuwa tumeweka nafasi ya meza na tungezunguka nje ya mahema kama mbuzi wa soko. Alikuwa sawa, Jumamosi iliyofuata watu walijaa mpaka wakafunga uwanja kwa muda. Sisi tulienda Jumatatu tarehe 22. Na hapa bahati ilinipenda. Jumapili, siku moja kabla, Sabastian Sawe alikuwa ameshinda marathoni ya Berlin kwa saa 2:02:16. Sasa wewe ni kijana mweusi, mwembamba, unasema unatoka Kenya, siku moja baada ya hiyo. Nilisalimiwa na watu sijawahi kuona maishani. Mzee mmoja alinipima miguu kwa macho vile mtu hupima ng'ombe wa maziwa. Sikumwambia kwamba nikikimbia kutoka stendi ya Siongiroi mpaka kwetu naomba maji mara mbili.

Langoni walinisimamisha. Begi lolote linaloweza kubeba zaidi ya lita tatu haliingii, na begi yangu ya kamera ilikuwa imebeba maisha yangu yote. Nikaipeleka pahali pa kuhifadhi mizigo, nikalipa, nikarudi kwenye foleni na simu peke yake. Nilikasirika sana. Content creator bila kamera ni mtu tu. Mnisamehe hilo neno, Kiswahili chake bado sijakipata, "mtengeneza maudhui" nikiambia kogo ataniuliza kama ni aina ya fundi.

Kuingia uwanjani ni bure. Bia ndiyo inakufilisi. Mwaka wa 2025 lita moja ilikuwa kati ya euro 14.50 na 15.80 kulingana na hema. Weka kwa pesa zetu, ni zaidi ya shilingi 2,200. Nyumbani tukilipwa shilingi 50 kwa lita ya maziwa, hiyo glasi moja ni kama lita 45 za maziwa. Niliihesabu nikiwa nimeishika. Nikainywa polepole sana, kwa heshima ya ng'ombe.

Tuliingia hema la Augustiner, moja ya yale makubwa 14. Bia zote uwanjani zinatoka kwa viwanda sita tu, na vyote lazima viwe vya Munich. Hata uwe na bia tamu namna gani, kama unaipikia kijiji cha pili, baki nayo huko. Ndani kuna meza ndefu na mabenchi, maelfu ya watu, na bendi ya tarumbeta juu ya jukwaa. Na sheria ya kwanza sista alinifundisha ni hii: usiposhika kiti, huhudumiwi. Huwezi kusimama kona na glasi yako ukiangalia watu. Unatafuta meza, unauliza wenye meza kama kuna nafasi, wanasongea, unakaa nao. Tukakaa na mzee mmoja aliyekuwa akipeleka barua kabla astaafu, pamoja na mke wake. Hawakujua Kiingereza kingi, mimi Kijerumani changu ni cha kuomba msamaha. Sista akawa anatafsiri.

Yule mzee alinitazama nikigonga glasi kiholela akanisimamisha. Akaonyesha macho yake, halafu yangu. Ukigonga glasi na mtu lazima umtazame machoni. Ukitazama glasi umemkosea. Tukarudia mpaka nikapata. Mke wake akanisukumia kipande cha kuku na ule mkate wao mkubwa wa chumvi uliosokotwa kama kamba, akasema kitu, sista akacheka, akatafsiri: "Anasema kunywa bila kula ni kazi ya wanafunzi." Nikamwambia mimi si mwanafunzi tena. Sista hakutafsiri hiyo.

Mpaka saa kumi na mbili jioni bendi inapiga tarumbeta za kiasili tu, na sauti haifai kupita desibeli 85. Hiyo waliiweka 2005 kwa sababu sherehe ilikuwa imegeuka disko na wazee na familia walikuwa wanatoroka. Baada ya saa kumi na mbili ndipo nyimbo za vijana zinaanza na watu wanapanda juu ya mabenchi. Juu ya meza hapana, ukipanda unatolewa nje. Watoto wa chini ya miaka sita wanatoka ndani ya mahema saa mbili usiku. Saa nne u nusu, kwa mahema mengi, bia inaisha. Haikatwi na polisi. Inaisha tu, bendi inafunga, watu wanaimba wa mwisho na wanatafuta treni. Nilikuwa nimeenda kutafuta fujo, kuwa mkweli. Kichwa cha video nilikuwa nimeshaandika kwenye ndege: "Nimeona walevi milioni sita". Wageni wa mwaka wa 2025 walifika kama milioni sita na nusu, kwa hivyo hesabu sikukosea.

Na walevi wapo! Msije mkaniambia nawapamba wazungu. Nyuma ya mahema kuna mteremko wa nyasi na huko niliona mambo. Kijana wa rika langu, kaptula ya ngozi, kiatu kimoja, amelala uso chini saa tisa mchana. Mwingine anatapika huku rafiki yake amemshika nywele na kula soseji kwa mkono ule mwingine. Nikasema haya, kontenti imefika. Nikatoa simu.

Sista alinishika mkono akaushusha. Nikafikiri ni aibu za kidada tu. Akasema, "Ngoja uone."

Wakaja watu wa huduma ya kwanza na machela. Juu ya machela kuna kifuniko cha manjano kirefu, kimeviringika, wenyeji wanaiita ndizi. Wakamgeuza yule kijana taratibu, wakamlaza kwa upande, wakamfunga mikanda, halafu wakashusha kile kifuniko mpaka hukuweza kuona kichwa wala mguu. Wakapita naye katikati ya umati wote ule. Hakuna aliyejua ni nani. Pengine mama yake alikuwa hema la pili akila kuku, na ndizi ikampita.

Niliuliza sista kwa nini wanamfunika, kuna mvua? Akasema, "Ili mtu kama wewe asimpige picha."

Kuna watu wangu wa zamani hapa ambao tayari wanajua naelekea wapi. Kwa wengine, nieleze. Video yangu kubwa kuliko zote haikuwa ya Munich. Ilikuwa ya 2023, sekunde 48, nyuma ya maduka ya Siongiroi. Mzee mmoja amelewa, amekaa kwenye kreti, anafundisha hesabu za sehemu kwa mbwa. Anauliza mbwa, "Nusu ya robo ni ngapi?" Mbwa anapiga miayo. Niliweka muziki wa katuni. Ilitazamwa zaidi ya mara laki tisa. Watu walitengeneza stika za WhatsApp na uso wake, mpaka leo nikiwa kwenye kikundi cha watu sijui, inatokea. Hiyo video ndiyo ilinipa wafuasi wa kwanza, na kwa njia fulani ndiyo ilinilipia ndege.

Sikuwaambia wakati huo kwamba alikuwa mwalimu wangu. Darasa la tano. Hesabu za sehemu nilizijua kwa mkono wake. Binti yake tulikaa dawati moja, na baada ya ile video alinitumia ujumbe wa neno moja, jina langu tu, na alama ya kuuliza. Sikujibu. Nilijiambia yeye hajui biashara.

Kwa hivyo nimesimama Munich, simu imeshushwa, ndizi imepita, na natafuta pahali pa kuangalia.

Kitu kingine kilichonikaa nimekisoma baadaye kwenye treni, na si siri. Kwenye uwanja huo huo, mwanzoni mwa karne iliyopita, watu kutoka Afrika na visiwa vya Samoa waliletwa wakawekwa kama maonyesho. Wa Samoa walikuwa hapo 1910, miaka mia moja kamili tangu ile harusi. Watu wa mjini walilipa kiingilio kuja kuwatazama wakicheza na kupika, halafu wakaenda kunywa. Nilitaka kukasirika na nikakasirika kweli, nina haki. Ila hasira ilikuwa nzito kuibeba nikiwa na ile video ya sekunde 48 mfukoni.

Niliporudi nilimpelekea kogo picha. Kogo ni nyanya yangu, mama yake baba, ana miaka zaidi ya themanini na mambo ya pombe anayajua kuliko meya wa Munich. Kabla aokoke alikuwa mpishi wa busaa. Unga wa mahindi unavundikwa, unakaangwa kwenye bati, unachanganywa na wimbi iliyomea, unangoja. Hiyo ndiyo ilisomesha baba na ndugu zake. Askari walikuja kwake mara nyingi kuliko jamaa zake. Wakimwaga chungu chake, wanapiga teke jiko, na yeye kesho yake anaanza upya kwa sababu karo haisikii habari ya askari.

Lakini kogo anatofautisha. Busaa ya kuuza ni kitu kimoja. Zamani ya wazazi wake kulikuwa na maiywek, pombe ya wimbi, ya shughuli: kutahiri, harusi, kulima kwa pamoja. Chungu kimoja kinawekwa katikati, wazee wamekaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, rogoret. Huchukui pombe ukaenda nayo kona. Mrija una urefu wake na chungu hakitembei, kwa hivyo ukitaka kunywa kaa na watu. Kijana wa umri wangu hangepewa mrija. Angetumwa kuni. Nilimwambia, kogo, huko Ujerumani pia usipokaa hupewi. Akasema, "Sasa ulifikiri ni sisi tu tulikuwa na akili?"

Nilifurahi sana, nikaanza kuandika makala kichwani: zamani yetu ilikuwa safi, wakoloni wakaiharibu, turudishe chungu. Kogo akanivunja. Akasema nisije nikawadanganya. Kwenye hicho chungu kulikuwa pia na wanaume waliokunywa wimbi ya watoto, na walienda nyumbani wakapiga wake zao, na yeye mama yake alikuwa mmoja wa hao wake. "Mrija haukumzuia babu yako, weri. Ulimchelewesha tu."

Nimeliwaza hilo neno sana, kumchelewesha. Nafikiri ndilo jambo lenyewe. Kiti, meza, chakula, mzee wa barua anayekulazimisha umtazame machoni, bendi inayofunga saa nne u nusu, bei inayouma: vyote hivyo vinakuchelewesha. Havikufanyi mtakatifu. Ule mteremko nimeuona kwa macho yangu. Lakini kati yako na huo mteremko wameweka watu wengi wa kupitia kwanza, na ukifika kule chini bado kuna mtu amekuja na kifuniko.

Siongiroi leo mtu wa kupitia hayuko. Chungu kilimwagwa, kwanza na mahubiri, halafu na askari, na sheria ya mwaka 1980 ikapiga marufuku chang'aa moja kwa moja. Mwaka 2010 ikaruhusiwa tena, kwa masharti ya chupa na lebo na leseni ambayo kogo hangeweza hata kuisoma. Sisemi walikosea kuogopa. Februari 2024 huko Kirinyaga watu zaidi ya kumi walikufa kwa kunywa kitu kisichojulikana. Lakini angalia kilichobaki. Tuliondoa kiti, tukaondoa mzunguko, tukaondoa umri, tukaondoa chakula, tukaondoa saa ya kwenda nyumbani. Kitu pekee ambacho hakikuondoka ni pombe. Sasa mwalimu wangu anainywa amesimama, kwa chupa ya soda, saa mbili asubuhi, peke yake na mbwa. Halafu anakuja kijana mwenye simu.

Na sasa turudi kwa ile dili.

Wanataka hema, na hiyo sina shida. Wanataka glasi kubwa na muziki. Nikawauliza: watu watakaa? Wakasema hapana, viti vinakula nafasi, watu wasimame kama tamasha. Chakula? Kutakuwa na mtu wa nyama choma nje. Kufunga? "Mpaka che." Vijana wa Bomet wakisimama gizani na glasi ya lita moja mpaka che, halafu wapande boda kurudi Sigor na Chebunyo. Hiyo ni nyuma ya maduka ya Siongiroi, wamewasha taa tu.

Mtu ataniambia serikali yenyewe inataka kutufungia. Ni kweli, Julai 2025 sera mpya ya pombe na mihadarati ilitangazwa, inataka umri wa kunywa utoke 18 uende 21, na inataka watu maarufu na sisi wa mitandao tusitangaze pombe kabisa. Watengeneza video wenzangu wamelia sana kuhusu hiyo. Mimi sipendi sera inayoniambia nina akili ya kupiga kura na kuoa lakini si ya kunywa bia. Ujerumani kijana wa miaka 16 ananunua bia, na nilimwona mmoja mezani na babu yake wakigongana glasi, wanatazamana machoni kama kawaida. Nadhani kumi na sita na babu karibu ni salama kuliko ishirini na moja peke yako. Lakini kuhusu sisi kutangaza, ukweli ni kwamba siwezi kubishana kwa sauti kubwa. Nikiangalia kile nimewahi kuuza kwa sekunde 48, mimi pia ningenipiga marufuku kidogo.

Jibu langu kwa kampuni lilikuwa hivi. Nitakuja kama kila mtu ana kiti. Kama chakula kiko mezani na soda na maziwa lala ni bei rahisi kuliko bia. Kama bendi ya kwanza ni ya wazee na mpaka saa kumi na mbili mtu anaweza kusikia jirani yake. Kama mnafunga saa tatu usiku na kuna matatu ya kurudisha watu. Kama kuna hema dogo la huduma ya kwanza na mtu yeyote akianguka hakuna simu inainuliwa, kuanzia na yangu. Waliandika "Asante, tutakurudia." Hiyo ilikuwa siku kumi na tisa zilizopita. Jana nimeona wamempata msee mwingine, na nguo ya ngozi imemkaa vizuri kuniliko.

Ile video nimeifuta. Najua iko kwa simu zenu na zile stika haziwezi kufutwa, mnanifahamisha kila saa, asanteni. Kabla niifute nilienda kwa mwalimu. Nilienda saa tano, saa ambayo kwa kawaida bado anaeleweka. Nikamwambia ni mimi nilikuweka kule kwa simu. Alinyamaza, akauliza, "Nilikuwa nasema nini?" Nikamwambia ulikuwa unafundisha sehemu. Akauliza kama jibu lilikuwa sahihi. Nikasema hukutoa jibu, mwalimu, uliuliza tu. Akasema, "Moja juu ya nane," na akaingia ndani. Binti yake nimemwandikia. Bado alama ya tiki ni moja.

Kwa kogo nilileta zawadi. Ile glasi ya lita moja ukiiba unashikwa langoni, wanakamata maelfu kila mwaka, kwa hivyo nilinunua na risiti. Aliishika kwa mikono miwili, akaipindua, akasema ni nzito, itafaa kuwekea maziwa. Halafu hakuniuliza bia ilikuwa na ladha gani, wala bei, wala kama niliona theluji. Aliuliza nilikuwa nimekaa na nani. Nikaanza kumwambia habari ya yule mzee wa barua na mke wake, akavuta kiti.